Mkojo Upimwe, Usikisiwe: Kibofu na Ruhusa ya Siku Hiyohiyo Baada ya Kutolewa Kizazi

Ndugu Mwenyekiti, madaktari wetu, wauguzi wenzangu, na ninyi mama zetu na dada zetu mliofika kwa sababu mmefanyiwa upasuaji huu au mnausubiri: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie ruhusa ya siku hiyohiyo kwa mwanamke aliyetolewa kizazi kwa matundu madogo ya tumboni au kupitia ukeni. Nilipokaa kuandaa maneno yangu, popote nilipoanzia nilijikuta nimefika palepale, kwenye kibofu. Maumivu yametulia, kichefuchefu kimekwisha, mgonjwa amekula, amevaa nguo zake, ndugu yake amesimama mlangoni na mkoba mkononi. Na bado hatujamruhusu. Tunasubiri mkojo.

Niwaambie kwa nini jambo hili haliniachi. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa zamu ya jioni, na mama mmoja aliyetolewa kizazi asubuhi alikuwa tayari kuondoka. Nikamuuliza, "Mama, umekojoa?" Akajibu, "Nimekojoa, mwanangu." Nikaandika kwenye faili neno moja: amekojoa. Akaenda zake. Usiku wa manane walimrudisha akiwa ameinama, hawezi kukaa, hawezi kusimama, jasho linamtiririka. Tulipomwekea mpira wa mkojo (katheta) ulitoka mkojo zaidi ya lita moja. Yule mama hakunidanganya. Kweli alikuwa akikojoa, matone machache kila baada ya nusu saa, kama mtungi uliojaa unavyomwagika pembeni huku ndani umebaki pomoni. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Sikumuuliza ni kiasi gani.

Kizazi na kibofu ni majirani wa ukuta mmoja. Kibofu kimelala mbele ya shingo ya kizazi, na ili kizazi kitoke, daktari hana budi kukibandua kibofu polepole na kukishusha chini. Mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo nayo hupita hapohapo, chini ya mshipa mkubwa wa damu unaolisha kizazi, sentimita mbili hivi tu kutoka kwenye shingo yake. Wapasuaji huwafundisha wanafunzi wao kwa kuwaambia wakumbuke kuwa maji hupita chini ya daraja. Kwa hiyo hata upasuaji ukienda vizuri kabisa, kibofu kimeguswa, kimesukumwa, kimevimba kidogo. Si haki kukitarajia kiamke kama vile hakikuwepo.

Kibofu kina kazi mbili tu, kutunza na kutoa. Mishipa ya fahamu itokayo sehemu ya chini ya kifua na juu ya kiuno hukilegeza ili kijae huku ikibana mlango wake. Mishipa mingine, itokayo chini kabisa ya uti wa mgongo, hukikaza ili kitoe. Mtu mzima huanza kuhisi haja kikifika kama mililita 150 au 200, na wengi hukijaza hadi 400, hata 600, kabla ya kukimbilia chooni. Hii mishipa ya kukaza hupita pembeni ya shingo ya kizazi na ya uke, kwa kina. Katika upasuaji wa kawaida, ule wa uvimbe, wa damu nyingi au wa maumivu ya muda mrefu, sehemu kubwa ya mishipa hiyo hubaki salama.

Kama kuna mtu anadhani mishipa hii ni jambo dogo, mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kimataifa liitwalo SHAPE. Liliwahusisha wanawake 700 wenye saratani ya shingo ya kizazi ya hatua za mwanzo na hatari ndogo. Kundi moja walitolewa kizazi peke yake. Kundi jingine walitolewa kizazi pamoja na nyama zinazokizunguka, kule mishipa inakopita. Wiki 4 zilipopita baada ya upasuaji, tatizo la mkojo kushindwa kutoka lilionekana kwa asilimia 0.6 ya kundi la kwanza na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Ndiyo maana ninayoyasema leo yanahusu kutolewa kizazi kwa kawaida. Upasuaji ule mpana wa saratani una utaratibu wake wa mpira, na mtu asichukue maneno yangu akayapeleka huko.

Basi kama mishipa ipo salama, kwa nini kibofu kinagoma jioni ile?

Kwa sababu nacho kilipewa usingizi. Hapa nawaomba wenzetu wa dawa za usingizi wanisikilize kwa makini, kwani nusu ya jibu iko mikononi mwao. Mofini, dawa kali ya maumivu, na ndugu zake hufanya mambo mawili kwa mpigo: humfanya mtu asihisi kuwa kibofu kimejaa, na hulegeza ukuta ambao ungepaswa kusukuma. Atropini na dawa za jamii yake, ambazo hutolewa pamoja na neostigmini wakati wa kuondoa ulegevu wa misuli mwishoni mwa upasuaji, nazo hukituliza kibofu. Ganzi ya mgongo hukata mawasiliano kabisa, na mishipa ya kibofu huzinduka nyuma ya miguu. Mgonjwa anatembea, sisi tunafurahi, kumbe kibofu bado kimelala. Mofini ikichanganywa kwenye ganzi hiyo, usingizi wa kibofu huongezeka kwa saa nyingi. Juu ya hayo ongezeni dripu. Tukimwaga lita mbili au tatu mshipani kwa mazoea tu, tunamjaza mtu ambaye tumeshamnyang'anya hisia ya kujaa.

Sisemi mgonjwa aachwe na maumivu. Maumivu nayo hubana mlango wa kibofu, na ni ukatili. Nasema tuanze na parasetamoli na aibuprofeni kwa saa maalumu, bila kungoja mgonjwa alie, daktari achome ganzi kwenye vile vidonda vidogo, na mofini ibaki kuwa akiba. Mwanamke mwenye tatizo la figo au vidonda vya tumbo hafai kupewa aibuprofeni, hilo mnalijua.

Sasa nije kwenye desturi iliyotulea wengi wetu: "Mpira hadi kesho asubuhi." Ilikuwa na mantiki enzi ambazo kila aliyetolewa kizazi alikuwa na mshono mrefu tumboni na alilala kitandani siku kadhaa. Lakini daktari mpasuaji Harry Reich wa Marekani alichapisha taarifa ya kutoa kizazi kwa matundu madogo mwaka 1989. Miaka ya 1990 mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark alikuwa anauliza, tena kwa ushahidi, kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa ashindishwe njaa, alazwe na kufungwa mipira siku baada ya siku. Upasuaji umebadilika, maumivu yamepungua, na mpira umebaki palepale kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kila siku mpira unapokaa, hatari ya vijidudu kwenye njia ya mkojo hupanda kwa asilimia 3 hadi 7. Na mwanamke mwenye mfuko wa mkojo pembeni hatembei. Anajikunja kitandani.

Kuutoa mpira mapema kuna gharama yake, na sitaificha. Ukiutoa palepale mezani au muda mfupi baada ya mgonjwa kuzinduka, idadi ya wanawake watakaoshindwa kukojoa mara ya kwanza na kuhitaji kuwekewa tena itaongezeka kidogo. Kwa upande wa pili maambukizi yanapungua na mtu anainuka mapema. Mimi nimechagua upande wangu: utolewe mapema, lakini utolewe na mtu aliyejipanga kupima.

Kupima ndiko huku. Kabla ya kuutoa mpira tunakijaza kibofu kupitia mpira huohuo. Maji ya chumvi yaliyotakaswa, mililita 200 hadi 300, yanateremka yenyewe taratibu bila kusukumwa, huku tukizungumza na mgonjwa. Akisema amejaa, tunasimama hapo. Tunaandika kiasi kilichoingia, tunautoa mpira, na mama anakwenda chooni na chombo chenye alama. Anapewa nusu saa hadi saa nzima. Kikitoka angalau theluthi mbili ya kilichoingia, mathalani 200 kati ya 300, kibofu kimejibu na tunaendelea na safari ya nyumbani.

Njia ya pili ni kuutoa mpira na kungoja kibofu kijae chenyewe, kwa kawaida kwa muda wa saa 4 hadi 6. Si kosa. Ila tufanye hesabu pamoja. Figo zinazofanya kazi vizuri hutengeneza angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mwanamke wa kilo 70 akiwa kwenye kiwango hicho cha chini, kwa sababu alifunga tangu usiku na hajanywa vya kutosha, anapata mililita 35 kwa saa. Ili afikie 250 atahitaji saa saba. Saa saba! Aliyepasuliwa saa nne asubuhi jua litazama bado tunamuuliza kama amekojoa, na mwishowe atalazwa kwa kosa la kuwa na kiu. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha kuwa kujaza kibofu huleta jibu mapema na mgonjwa huondoka mapema. Hakuhitaji mashine. Kunahitaji maji, mpira ambao tayari upo, na muuguzi anayeandika namba.

Hesabu hiyo ina somo jingine. Mtu anaposema "hajakojoa," maneno hayo yanaficha hali tatu zisizofanana hata kidogo. Huenda kibofu kimejaa na hakifunguki. Huenda hakina kitu. Na mara chache, Mungu aepushe, huenda kuna mrija wa mkojo uliobanwa au kibofu kilichotoboka, na mkojo haufiki unakotakiwa. Ukimpa dripu mwenye kibofu kilichojaa umemuumiza. Ukimwekea mpira mwenye kibofu kitupu umemsumbua bure na umemwingizia vijidudu. Altrasaundi ya kibofu huonyesha kwa dakika moja kama kibofu kimejaa au ni kitupu; kama haipo, mkono wenye uzoefu juu ya kinena husaidia, na mpira mwembamba wa kuingiza na kutoa humaliza ubishi.

Kuhusu namba, baada ya mama kukojoa, kikibaki chini ya mililita 100 au 150 wengi wetu tunaridhika. Kama hajatoa chochote na kilichomo kimefika 400 au 500, msingoje tena, toeni. Msikiache kibofu kivuke 600 mkitumaini kitajitatua. Ukuta wa misuli uliovutwa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kukaza, na tatizo ambalo lingekuwa la saa chache linakuwa la siku nyingi. Yule mama wa zamu yangu alikaa na mpira wiki nzima. Kibofu chake kilirudi, nashukuru.

Kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye mwongozo wowote niliowahi kukabidhiwa wodini. Tumewahi kumwambia mwanamke akojoe juu ya bedipani, amelala chali, pazia limefunguka nusu, ndugu wa kitanda cha pili wanazungumza, na muuguzi amesimama na saa. Kisha tukaandika: ameshindwa. Nani angeweza? Mwanamke amezoea kwenda haja ndogo akiwa ameketi au amechuchumaa, peke yake, mlango umefungwa. Mpelekeni chooni. Akae kabisa, asining'inie hewani kwa kuogopa uchafu, na ili akae hakikisheni choo ni safi. Nyayo zikanyage chini, aegemee mbele, viwiko vikae juu ya magoti. Fungueni bomba atasikia maji. Maji ya uvuguvugu yakimwagwa taratibu huko chini husaidia wengi. Asikaze tumbo, apumue nje polepole kama anayepuliza mshumaa ulio mbali. Akimaliza asimame, atembee hatua chache, akae tena ajaribu mara ya pili. Kwa wengi, kinachotoka mara ya pili ndicho kinachowavusha kwenye kipimo. Nami nawaapieni, nimewaona wanawake waliokwisha kuandikwa "ameshindwa" wakifaulu ndani ya dakika kumi kwa kufungiwa mlango tu.

Wapo ambao hawatafaulu siku hiyo. Hapa nataka kusema na ninyi dada zangu mnaosubiri upasuaji. Kurudi nyumbani na mpira hakumaanishi upasuaji umeharibika, wala hakumaanishi utaishi na mpira. Utapewa mfuko mdogo wa kufunga pajani chini ya nguo, utafundishwa kuumwaga na kuosha mikono, na baada ya siku moja hadi chache utarudi, au muuguzi atakuja, utolewe ujaribu tena. Wengine hupenda kufundishwa kujiwekea mpira mwembamba wenyewe na kuutoa mara kibofu kinapomwagika. Inatisha kuisikia, lakini wanawake wengi huijua kwa somo moja. Karibu wote hurudia hali yao ndani ya siku chache.

Kinachoniuma ni kwamba wengi husikia habari ya mpira kwa mara ya kwanza wakiwa wamelewa dawa, jioni, machozi yakiwatoka. Maneno haya yasemwe kliniki, wiki kabla ya upasuaji, mwanamke akiwa na akili zake zote na mtu wake wa nyumbani yuko kando. Hapo pia aulizwe mkojo wake ulikuwaje zamani. Je, huwa unatoka kwa kusitasita? Ana kisukari cha muda mrefu? Aliwahi kushindwa kukojoa baada ya kujifungua au upasuaji mwingine? Atashonwa uke uliolegea au kuwekewa utepe wa kuzuia mkojo kuvuja siku hiyohiyo? Mwanamke wa namna hiyo nampangia asubuhi na mapema, wa kwanza kwenye orodha, na kitanda cha kulala kiwepo endapo kitahitajika. Na kibofu kikitoboka wakati wa upasuaji kikashonwa, mjadala wa kipimo haupo. Mpira hukaa siku 7 hadi 14 ili mshono upone.

Zipo hospitali zinazomruhusu mgonjwa bila kungoja akojoe, mradi anajua la kufanya akishindwa. Siwalaumu. Lakini utaratibu huo unasimama juu ya simu inayopokelewa usiku na usafiri wa kumrudisha, na pasipo na hivyo viwili mimi siukubali. Vilevile nisieleweke kana kwamba kulala hospitali ni aibu. Anayeishi peke yake, anayetapika, anayeogopa kiasi cha kutetemeka, alale.

Anayekwenda nyumbani aende na maneno machache aliyoyarudia kwa kinywa chake mwenyewe, maana karatasi hukunjwa ikatupwa kwenye mkoba. Anywe maji ya kawaida, asijilazimishe malita. Aende chooni kila baada ya saa 3 au 4 hata kama hahisi haja, kwa siku mbili tatu hivi, kwa kuwa hisia hurudi pole pole. Asiache choo kikubwa kigande. Haja kubwa iliyoziba hukikandamiza kibofu, na dawa ya kulainisha ni halali yake. Saa 6 zikipita bila mkojo, au akawa anatoa matone tu mara kwa mara huku tumbo la chini limejaa, arudi usiku huohuo bila kungoja kuche. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, mkojo unaochoma, damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja, vivyo hivyo.

Dalili mbili huja kwa kuchelewa, na kwa hiyo huwapata watu wakiwa wameshaacha kujihadhari. Ya kwanza ni maumivu ya ubavuni, upande mmoja, yasiyoisha. Huenda mrija wa figo umebanwa. Ya pili ni maji yanayovuja ukeni bila kukoma, yanayolowesha nguo mchana na usiku, mara nyingi kuanzia wiki ya kwanza au ya pili. Huo huenda ni mkojo uliopata njia isiyo yake. Wanawake wamekaa na hali hiyo miezi kwa haya, wakijifunika kanga juu ya kanga, wakidhani ni adhabu au ni kawaida. Si kawaida, na ina tiba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa hata kabla ya kifo, haya hizo humnyang'anya mtu ndoa, ibada na usingizi wake.

Kesho yake asubuhi sisi ndio tupige simu. Tusingoje yeye. Na muuguzi anayepiga asiulize, "Mama, unakojoa vizuri?" Atajibiwa ndiyo, kama nilivyojibiwa mimi. Aulize: tangu jana umekwenda mara ngapi? Ulipimia kwenye kikombe tulichokupa? Kilifika alama gani? Usiku uliamka mara ngapi, na ukitoka chooni unahisi umemaliza au bado? Mama akisita kujibu, nyamaza kidogo umpe nafasi. Huenda kuna mtu mwingine chumbani.

Naomba niishie hapa ili tupate muda wa maswali. Kuna dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mpira wa kwenda nao nyumbani, naomba tuanze na yeye.